Samaki wa Kisima cha Maundu

Ekalakala,
14 Februari 2000

Kwa Mkubwa wa Samaki,
Makumbusho, Nairobi.

Salamu nyingi. Jina langu ni Kamanthe Maundu, mjane, mkulima wa hapa Ekalakala. Hatujuani, lakini redio ilisema kwamba hapo kwenu kuna watu ambao kazi yao ni kujua samaki, ndiyo maana naandika.

Niko na samaki ndani ya kisima changu. Akijinyoosha ananipita kiunoni, na ni mnene kama mchi wa kutwangia. Magamba yake hayaonekani na anatembea kama nyoka. Lakini ana mapezi mawili madogo nyuma ya kichwa, na hatoki nje kupumua. Nimemlisha kwa mkono huu miaka thelathini na miwili: vyura, matumbo ya kuku, kumbikumbi wakati wa mvua. Nyoka gani angekaa chini ya maji miaka hiyo yote?

Watu wa hapa wanasema ni nzoka, ndiyo nyoka kwa Kikamba. Wamesema hivyo tangu zamani, na mengine ambayo siwezi kumwandikia mtu nisiyemjua. Zamani walisema tu, wakaenda zao. Sasa mvua imekataa, visima vya majirani vimekauka, na kijiji chote kinachota kwangu. Sikatazi mtu. Lakini maji yameshuka mpaka mgongo wake unaonekana mchana. Kamati ya maji imekaa. Mwenyekiti, Jeremiah, amesema kisima kichimbwe zaidi, na kabla ya mtu kuingia, nyoka auawe. Nimepewa mpaka Pasaka.

Naomba barua inayosema kwamba huyu ni samaki. Hata ikiwa fupi. Muhuri ndio uwe mkubwa.

Ni mimi mwenye shida,
Kamanthe Maundu


Nairobi,
1 Machi 2000

Mwaitu Kamanthe,

Barua yako ilipita meza tatu kabla ya kufika yangu. Kila aliyeisoma alicheka kidogo, akampa mwenzake. Mimi sikucheka. Naitwa Hani Abdiaziz, nasomea shahada ya pili katika mambo ya samaki, na nafanya kazi hapa chini ya Daktari Musau. Usishangae kwamba nakuita mama kwa lugha yako. Nimezaliwa Machakos mjini na kulelewa na majirani Wakamba. Baba yangu ni Abdiaziz mnunuzi wa mbuzi. Huenda umeiona lori yake ya kijani siku za soko.

Kwa maelezo yako, nadhani huyo ni mkunga wa mtoni. Mikunga huzaliwa baharini, mbali sana, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuwaona wakizaa. Watoto wao huja na maji wakiwa wembamba na weupe kama kioo, wanaingia mtoni, wanapanda mpaka juu kabisa. Wanakaa huku miaka mingi. Halafu siku moja wanateremka kurudi baharini, mara moja tu katika maisha yao.

Tangu mabwawa yajengwe kwenye Tana, njia hiyo ilifungwa. Nimepekua madaftari yetu na sijaona mkunga hata mmoja aliyeandikwa upande wa juu wa mabwawa kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukweli ukiwa huo, wako anaweza kuwa wa mwisho huko. Alifikaje kisimani?

Barua ya kamati iko ndani ya bahasha hii. Nimepiga muhuri juu na chini. Tafadhali wasimuue.

Hani


Ekalakala,
22 Machi 2000

Mwanangu Hani,

Nimekuita mwanangu kwa sababu umeniita Mwaitu. Kama si vizuri, uniambie.

Barua ilisomwa kwenye mkutano. Jeremiah aliisoma mara mbili, akaiinua juu watu waone. Mzee mmoja akauliza, "Huyu msichana wa Nairobi anajuaje nyoka wa Ekalakala?" Jeremiah akamjibu, "Mimi sijui anajuaje. Lakini mihuri ni miwili, na mimi siwezi kushindana hata na mmoja." Jirani yangu Nthambi akasimama akasema, "Basi kama ni samaki, si tumpike?" Watu walicheka mpaka mkutano ukakaribia kuvunjika. Nikamwambia Nthambi kwamba samaki huyo ni mkubwa kwa umri kuliko kifungua mimba wake, na yule kijana ana ndevu. Akakaa chini.

Wamekubali kuchimba upande mmoja na kumwachia shimo lake upande wa pili. Kwa hivyo uko na mama Ekalakala ambaye hajui akulipe nini.

Umemwita mkunga. Kwetu mkunga ni mama anayezalisha wenzake. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaacha kucheka.

Alifikaje, sijui. Tulimkuta humo tulipochimba.

Njoo umwone kwa macho yako.

Kamanthe


Nairobi,
9 Mei 2000

Mwaitu,

Nilifika salama, na ule muthokoi wa mahindi na maharagwe ulionifungia nilimpa Daktari Musau nusu, kwa shida. Asante kwa siku zile mbili. Asante pia kwa kunishikia mguu nilipolala kifudifudi ukingoni mwa kisima na kichwa kikiwa ndani. Picha zimetoka. Ni mkunga kweli, Mwaitu. Daktari Musau alizitazama akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti.

Uliniuliza jioni ile nimejuaje mambo ya samaki waliokufa kabla ya watu kuwapo. Sikukujibu vizuri, kwa hiyo najaribu tena. Samaki akifa kwenye tope laini na tope likamfunika upesi, mifupa yake hubaki humo. Tope linakuwa jiwe, na mifupa inageuka jiwe ndani ya jiwe. Hivyo ndivyo visukuku. Kuna jiwe lililotoka Lebanoni, lina picha katika kitabu changu, na ndani yake mna jamaa wa kale wa mkunga wako. Ana umri unaokaribia miaka milioni mia moja. Ukimtazama unamjua mara moja, isipokuwa kitu kimoja: ana mapezi mawili madogo upande wa nyuma, chini ya tumbo, ambayo wako hana. Walikuwa nayo wakayapoteza, kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu waliopita vizuri kwenye matope na nyufa ni wale waliokuwa wembamba zaidi. Mwili wake ni historia ya mahali walipopita wazazi wake.

Yule wa Lebanoni hayupo tena duniani. Tumezoea kufikiri kwamba aina ya kiumbe hutoweka siku yule wa mwisho anapokufa. Mimi nadhani hapana. Huanza kutoweka siku watoto wanapoacha kufika. Wazee wanaweza kuendelea kuishi miaka mingi, wanakula, wanalala, na kumbe hesabu imeshafungwa.

Kichwani mwa mkunga kuna kijiwe cha sikio, kidogo kama punje ya mtama, na ndani yake mna pete za miaka, kama za mti. Kijiwe hicho kingetuambia alizaliwa lini na alikula nini kila mwaka. Daktari Musau anasema nikikipata, shahada yangu imekwisha. Lakini hakitoki mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo tuache.

Hani


Ekalakala,
11 Juni 2000

Hani,

Nimechelewa kujibu. Uliandika kwamba watoto wakiacha kufika, hesabu imefungwa, hata kama wazee bado wanakula na kulala. Nilisoma mara mbili nikaiweka barua chini ya godoro. Nilisema, huyu mtoto ananijua mimi ni nani. Baadaye nikakumbuka kwamba hujui, kwa sababu sikukuambia. Sasa nakuambia.

Mimi na Maundu hatukujaliwa. Nilibeba mimba tatu na zote zilitoka. Watu walisema ni nzoka ya kisima inayokula watoto tumboni mwangu, eti ndiyo bei ya maji yasiyokauka. Mama mkwe alilia miguuni pa Maundu aoe mke mwingine, akakataa. Baada ya ile mimba ya tatu Maundu alichukua panga akateremka kisimani. Nilimsikia maji yakimrukia. Alipanda akiwa amelowa, panga safi. Akasema, "Hajui lolote kuhusu sisi." Hatukuzungumza tena jambo hilo mpaka alipokufa mwaka wa themanini na sita.

Tena nilikudanganya. Hatukumkuta kisimani. Maundu alimleta. Mwaka tuliooana alipata kazi ya kuchanganya saruji kwenye bwawa la kwanza, kule chini. Asubuhi moja aliona ukuta uliolowa umejaa vitu kama majani marefu, vinapanda. Walikuwa samaki, Hani, kama kidole, mamia, wanajivuta juu ya saruji kwa tumbo. Jua lilipotoka walikauka wakaanguka, na vibarua waliwafagia. Kesho yake walikuja wengine. Alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi alibeba watatu ndani ya debe lililooshwa. Wawili aliwatia mtoni hapa juu. Wa tatu alionekana amekufa, akamtia kisimani tu. Aliniambia, "Hawa wanataka kupanda, na mimi ndiye ninayechanganya saruji." Aliniapisha nisiseme, maana angeitwa mfuga nyoka. Nimevunja kiapo kwa sababu nadhani hakina kazi tena.

Samaki wangu anakufa. Ni wiki sita hajagusa chakula. Macho yamemvimba, yamekuwa makubwa kama ya bundi. Tumbo lake lilikuwa la manjano, sasa limekuwa jeupe, linametameta kama bati. Usiku anajigonga ukutani. Nasikia nikiwa kitandani.

Kwa hivyo njoo umchukue. Uchukue kile kijiwe. Afadhali akusaidie wewe kuliko aoze kwenye maji ya watu. Mimi sina mtoto wa kusomesha, na hii ndiyo karo ninayoweza kutoa.

Kamanthe


Nairobi,
19 Juni 2000

Mwaitu mpenzi,

Nimepokea barua yako na nimelia mezani pangu. Nisamehe kwa maneno yale. Sikujua.

Ninakubali zawadi yako. Nitakuja Jumamosi tarehe 1 Julai na dawa ya kumlaza, hatasikia uchungu. Kijiwe kitakaa hapa makumbusho daima, na jina lako na la Mzee Maundu kando yake.

Hani


Nairobi,
21 Juni 2000

Mwaitu,

Kama barua yangu ya juzi imefika, ichane. Usimpe mtu yeyote samaki huyo. Usinipe hata mimi.

Hafi. Nilijua tangu niliposoma mistari yako na nikanyamaza, na siku mbili hizi sijalala. Macho makubwa ni ya kuonea kwenye giza la bahari yenye kina. Tumbo jeupe ni la kumficha, adui akimtazama kutoka chini. Ameacha kula kwa sababu hatakula tena. Anakwenda kwa mafuta aliyojiwekea. Kila mkunga hugeuka hivyo wakati wake wa kurudi ukifika. Anagonga ukuta kwa sababu anatafuta njia.

Na jambo lingine ambalo sikukuambia. Mikunga wakubwa hivyo, waliofika juu kabisa, huwa majike. Anakwenda kuzaa. Tumboni mwake anatayarisha mayai, pengine mamilioni. Akishazaa atakufa, na hatarudi. Akikosa njia atazeeka hapo hapo na mayai yake.

Kama ningekuja na dawa yangu, ungeniona mtoto mwema, na mimi ningekuacha uniamini. Huo ndio ubaya wake. Ukitaka kunikasirikia, una haki.

Yako mabwawa matano kati yako na mto ulio wazi. Hawezi kuyapita. Lakini anaweza kubebwa.

Hani


Ekalakala,
10 Julai 2000

Mwanangu,

Nilikasirika siku tisa. Siku ya kumi nilikwenda kuteka maji nikamwona amekaa juu juu, macho yake yale, nikamwambia, "Kumbe na wewe hujazaa."

Hasira ikaisha hapo hapo, Hani. Miaka yote hiyo wananiambia amekula watoto wangu, na yeye amefungiwa kama mimi, mwanamke mzee mwenzangu, anangoja.

Nina maswali, na unijibu ukweli hata kama ni mbaya. Atafika? Baharini atawakuta wenzake? Mamba je? Na kama atakufa baada ya kuzaa, kuna faida gani?

Lile la mwisho usijibu. Nimelijibu mwenyewe.

Tutambeba. Niambie lini.

Kamanthe


Nairobi,
6 Novemba 2000

Mwaitu,

Kwanza ukweli ulioomba, maana kwenye simu ya posta tulikatwa kabla sijamaliza. Sijui kama atafika. Mamba wapo, nyavu zipo, na bahari ni pana. Wenzake wapo, kwa sababu mito mingine bado inawapeleka. Nafasi yake ni ndogo, lakini kisimani hana kabisa.

Mvua imeanza kunyesha huko juu, na mto unapanda. Mikunga husafiri na mafuriko, kwa hiyo ni sasa. Baba anakwenda kununua mbuzi Alhamisi tarehe 16 na lori itakuwa tupu. Atapitia kwako asubuhi na pipa la maji.

Mimi siwezi kuja. Siku hiyo hiyo nimeitwa mbele ya jopo la chuo kueleza kwa nini nimebadilisha utafiti. Nilimwambia Daktari Musau kila kitu. Akasema, "Unamwacha aende samaki ambaye nimemtafuta tangu nikiwa na nywele." Halafu akaandika jina lake chini ya ombi langu jipya: kuwatafuta wazee wote kando ya Tana wanaokumbuka mikunga, walikuwa wapi, na waliacha kuonekana mwaka gani. Jopo likikataa, nitarudi Machakos kuhesabu mbuzi.

Mwaitu, mfunike kwa gunia lililolowa. Usimkaushe ngozi. Na umwambie kwaheri kwa niaba yangu.

Hani


Ekalakala,
20 Novemba 2000

Mwanangu Hani,

Baba yako atakuwa amekueleza, lakini wanaume hueleza barabara na kusahau mengine. Basi nisikilize mimi.

Alifika saa moja asubuhi. Nilikuwa nimeshateremka kisimani mwenyewe, na Jeremiah alishika kamba. Ndiyo, Jeremiah. Nilimtia samaki mikono chini ya tumbo na hakunipiga. Miaka thelathini na miwili na sikuwahi kumshika. Ni mzito, Hani, na ni laini kama mtoto aliyeogeshwa. Tulimpandisha ndani ya gunia, tukamtia pipani. Nthambi alikuwa pale na wengine wengi. Baba yako akachungulia ndani ya pipa akasema, "Miaka ishirini na tano nimebeba ng'ombe, mbuzi, hata ngamia mmoja aliyenitemea. Watu wetu ni wafugaji, hata samaki hatuli. Leo nimekuwa dereva wake." Nthambi akacheka kwanza, wengine wakafuata, na moyo wangu ukapoa.

Tulipita Kangonde tukaingia barabara ya Garissa. Kila baada ya muda alisimamisha lori nikammwagie samaki maji. Tulipofika Mwingi aliniletea chai na mandazi, na yeye hakunywa mpaka nilipokunywa. Ndipo akaniuliza, kama watu wanavyouliza safarini, "Mama, una watoto wangapi?"

Swali hilo nimelikimbia maisha yangu yote. Kuna harusi ambazo sikwenda kwa sababu yake. Nilisema, "Sikujaliwa." Nikangoja aseme pole, kwa ile sauti. Hakusema pole. Alipuliza chai yake akasema, "Ajabu. Mimi niko na binti ambaye kila akija nyumbani ananieleza habari za mama yake wa Ekalakala, mpaka mke wangu ananuna." Kisha akaniuliza kama mandazi yametosha.

Tuliacha lami tukafuata barabara ya vumbi mpaka mtoni, chini ya mabwawa yote. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Mto ulikuwa mwekundu, umejaa, unabeba magogo. Baba yako alirusha mawe majini kwanza kwa ajili ya mamba. Tukashika gunia, yeye huku na mimi huku, tukaingia mpaka magotini. Nikalifungua.

Hakwenda. Alikaa pale pale juu ya miguu yangu, mdomo unafunguka na kufungika. Nilidhani amekufa njiani. Nikainama nikamwambia kwa Kikamba maneno ambayo sitaandika, kwa sababu yalikuwa yake. Nikakumbuka nikamwambia na ya kwako. Baba yako aligeuka akatazama upande mwingine.

Halafu nikamhisi anapita katikati ya miguu yangu, polepole, urefu wake wote, kama kamba inayovutwa. Nikageuka. Sikuona kitu ila maji yanayokwenda.

Nililia, lakini si kama nilivyolia kwa zile mimba tatu. Baba yako alisimama na mikono wazi mbele yake akaomba dua, nami nikafanya ishara ya msalaba, na kila mmoja alimngoja mwenzake amalize.

Baba yako amenipigia simu posta leo kunieleza kwamba jopo lako limekubali. Alisema ulitaka kuniambia mwenyewe lakini yeye hakuweza kungoja. Basi anza na mimi. Leta kalamu. Nitakuambia mahali penye kila mwamba ambapo Maundu na kaka zake walivua, na mwaka gani walirudi mikono mitupu. Na niko na wazee wengine wanne wa kukupeleka, mmoja kiziwi, tutapiga kelele.

Mvua imenyesha hapa siku tatu. Kisima kimepanda. Asubuhi hii nilikwenda kuteka, nikasimama na ndoo bila kazi kwa muda, kisha nikateka.

Padre anasema mwaka huu Krismasi na Idd yenu zinakaribiana, siku mbili tatu tu. Mfunge salama, halafu mje hapa nyote, na mama yako pia, aache kununa. Nimenunua beberu na yuko kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nthambi anataka tumchinje mapema ili atoe mchuzi mzuri. Nimemkatalia. Hakuna atakayemgusa mpaka baba yako afike na kisu chake mwenyewe, ili sote tule sufuria moja.

Mama yako,
Kamanthe